Difu ya Gari na Mafuta Yake: Barabara za Kasulu na Kibondo Zinatufunza Nini



Chama chetu kimekwisha kubaliana kwamba inatufaa pikapu moja ya dizeli, ya kuchukua karafuu mbichi kutoka mashamba ya ndani hadi pahala pa kuanika, na ya kuwarudisha wachumaji majumbani jioni. Haja yake haina ubishi. Karafuu mbichi haingoji. Ikirundikwa ikalala hivyo hivyo hushika joto na kuharibika, na jasho la mchumaji na la mwenye shamba hupotea pamoja. Lililobaki ni gari ipi. Baadhi ya wanachama wamependekeza tutazame pikapu zilizokwisha kutumika bara, zikiwamo za nyanda za juu za Kigoma, huko Kasulu na Kibondo. Wengine wamekataa katakata, hoja yao ni kwamba gari za milimani zina difu ya nguvu, na gari yenye difu ya nguvu ni mlafi wa mafuta. Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote, na fedha tutakazotoa ni za akiba ya wanachama wote. Kwa hivyo nimeona yafaa nilieleze jambo hili taratibu, kwa hesabu ambayo kila mmoja wetu anaweza kuipiga mwenyewe.

DIFU NI KITU GANI

Injini huzunguka mbio kuliko magurudumu. Nguvu yake hupita kwanza katika giaboksi, kisha hufuata chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari, ambacho mafundi hukiita propela, mpaka ikafika katika ekseli ya nyuma. Katikati ya ekseli hiyo pana kile kibumba kikubwa cha chuma tunachokiona tukichungulia uvunguni mwa gari. Hiyo ndiyo difu. Ndani yake mna magurudumu mawili ya meno. Lile dogo, pinyoni, limeshikana na propela. Lile kubwa, krauni, ndilo linalozizungusha tairi.

Krauni ikiwa na meno 41 na pinyoni meno 10, propela lazima izunguke mara 4.1 ndipo tairi izunguke mara moja. Meno yakiwa 41 kwa 9, propela huzunguka mara 4.56 hivi. Yakiwa 43 kwa 11, ni mara 3.9. Toyota imetengeneza Hilux zenye difu za namna zote hizi, na kwa nje huwezi kuzitambua. Gari mbili zaweza kufanana rangi, umbo na hata injini, na hali difu zake ni mbalimbali.

Mtu apandaye kilima na gunia la karafuu kichwani hupiga hatua fupi fupi nyingi, na ndivyo anavyofika juu bila ya kuishiwa pumzi. Akifika penye tambarare hurefusha hatua, kwani huko hatua fupi zingemchosha bure. Difu ya 4.56 ni gari yenye hatua fupi. Tuiite difu ya nguvu. Difu ya 3.9 ni gari yenye hatua ndefu. Tuiite difu ya mwendo. Ya 4.1 imo katikati.

HESABU YA KILOMITA MOJA

Tuchukue pikapu ambayo tairi yake ikizunguka mara moja huenda mita 2.2. Katika kilomita moja tairi hiyo itazunguka mara 455 hivi. Gari ikiwa katika gia ya nne, ambayo katika pikapu nyingi hupitisha mzunguko wa injini moja kwa moja bila ya kuuongeza wala kuupunguza, injini yenye difu ya 3.9 itazunguka mara 1,777 katika kilomita hiyo. Yenye difu ya 4.1 itazunguka mara 1,864. Yenye difu ya 4.56 itazunguka mara 2,071.

Basi kati ya 4.1 na 4.56 pana mizunguko 207 ya ziada kwa kila kilomita. Kila mzunguko wa injini una gharama yake hata kama gari haina mzigo, kwa sababu pistoni husuguana na silinda, pampu za mafuta na maji huzungushwa, na feni hupiga hewa. Hapa ndipo wanaosema kuwa difu ya nguvu hula mafuta wanapopata haki yao.

Lakini mtu asikimbilie kusema kwamba mizunguko ikizidi kwa sehemu kumi katika mia, basi na mafuta yatazidi kwa sehemu kumi. Sehemu kubwa ya mafuta hutumika kuisukuma gari yenyewe, kushinda upepo, kushinda uzito wa tairi juu ya barabara na kuupandisha mzigo, na kazi hiyo haibadiliki kwa kubadili meno ya difu. Kinachobadilika ni ule msuguano wa ndani ya injini tu. Tena injini ya dizeli haina ule mlango wa kuibana hewa uliomo katika injini ya petroli, na kwa hivyo ikienda na mzigo mdogo haipati hasara kubwa kama ya mwenzake. Kwa sababu hizo, barabarani penye tambarare, tofauti ya difu hizi mbili ni asilimia chache tu za mafuta.

BARABARA YA KASULU NA KIBONDO

Sasa twende huko zilikotoka gari hizo. Mji wa Kigoma upo kando ya Ziwa Tanganyika, na uso wa ziwa hilo u kiasi cha mita 770 juu ya bahari. Ukiondoka Kigoma kwa njia ya Kidahwe kwenda Kasulu wapanda, na ukishafika juu unaendelea kupanda na kushuka mabonde na vilima kupita Makere, kuvuka Mto Malagarasi, hadi Kibondo. Nyanda hizo aghalabu zimepita mita 1,200, na zipo sehemu zinazopita 1,500. Wakulima wa Kiha huko hulima maharage, mahindi na mihogo, na upande wa Manyovu hulima kahawa. Mizigo yao hushuka na kupanda milima hiyo. Juu ya hayo, tangu wakimbizi wa Burundi walipoingia kwa wingi mwaka 1993, na wa Kongo mwaka 1996 ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu, mashirika ya misaada yamepeleka huko pikapu nyingi za dizeli. Barabara yenyewe kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo, kiangazi vumbi, masika tope.

Tuseme gari na mzigo wake ni kilo 2,500, na mlima unapanda mita 8 kwa kila mita 100 za mwendo. Uzito unaoivuta gari hiyo nyuma ni sawa na kilo 200. Kwenye lami iliyo sawa, uzito wa kuviringisha tairi peke yake ni kama kilo 40 tu. Yaani mlima unaitaka injini nguvu mara kadhaa kuliko tambarare.

Dereva mwenye difu ya mwendo, ya 3.9, akifika penye mlima kama huo injini itaanza kulemewa katika gia ya nne. Akikaidi, moshi mweusi hutoka, na moshi mweusi ni mafuta ambayo hayakuungua. Basi hana budi kurudi gia ya tatu. Tuseme gia ya tatu huzidisha mzunguko mara 1.4. Sasa injini yake inazunguka mara 2,487 kwa kilomita. Mwenzake mwenye difu ya 4.56, kama injini yake inaweza kushika gia ya nne juu ya mlima ule ule, yeye yuko kwenye 2,071. Aliyenunua difu ya mwendo ili aokoe mafuta ndiye sasa anayezungusha injini zaidi, na kutwa nzima mkono wake hautoki kwenye gia.

Liko na jambo la hewa. Penye urefu wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika saba. Injini ya dizeli isiyokuwa na tabo hupata hewa kidogo kwa kila pumzi, na nguvu zake hupungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa hivyo injini ambayo huku pwani ingepanda kilima bila ya taabu, kule Kibondo yataka msaada wa difu. Mtu wa Kibondo aliyechagua difu ya nguvu hakukosea. Alichagua kwa ajili ya mlima wake, mzigo wake na hewa yake.

Hata hivyo, iko gharama ambayo hakuna difu inayoweza kuiondoa. Kuinua kilo 2,500 kwa mita 500, kama kutoka ziwani hadi nyanda za juu, kwahitaji kazi ambayo injini ya dizeli huifanya kwa lita moja na kidogo ya mafuta. Lita hiyo italipwa na mwenye difu ya nguvu na mwenye difu ya mwendo sawasawa. Difu huamua tu kama injini itaifanya kazi hiyo kwa raha au kwa dhiki.

Tena tazameni jambo hili. Katika miaka ya karibuni kazi ya kutia lami imefanywa katika barabara ya Kabingo, Kakonko, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, urefu wa kilomita 260 hivi, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mahali lami ilipofika, tope halivuti tena tairi na mwendo umezidi. Milima ni ile ile, lakini difu iliyokuwa bora wakati wa tope si lazima iwe bora juu ya lami. Barabara ikibadilika, hesabu nayo hubadilika.

NAMBARI YA DIFU PEKE YAKE HAITOSHI

Wazee wetu waliziendesha Land Rover za dizeli, ambazo zilianza kutoka kiwandani mwaka 1957. Gari zile za zamani zilikuwa na difu ya 4.7. Land Rover iliyofuata, One Ten ya mwaka 1983, ambayo baadaye iliitwa Defender, ilikuja na difu ya 3.54. Mtu akitazama nambari hizi mbili tu atasema gari mpya ina hatua ndefu kupita kiasi. Lakini Land Rover zina giaboksi ya pili, ile ya kugawa nguvu mbele na nyuma, nayo pia huzidisha. Katika zile za zamani huzidisha mara 1.15, na katika Defender nyingi mara 1.41. Zidisheni wenyewe: 4.7 kwa 1.15 ni 5.4, na 3.54 kwa 1.41 ni 5.0. Tofauti iliyoonekana kubwa sana ikawa ndogo. Kisha gari mpya ilikuwa na gia ya tano, ya kurefusha hatua penye tambarare, na hiyo ya zamani haikuwa nayo. Basi tukiambiwa nambari ya difu, tuulize na giaboksi.

Tairi nazo zina sehemu yake, na hapa watu wengi hudanganyika. Huko milimani wapo wanaofunga tairi kubwa kuliko za kiwandani ili gari isikwame. Tuseme tairi ya kiwandani huenda mita 2.2 kwa mzunguko, na hiyo kubwa huenda mita 2.4. Difu ya 4.56 ikifungwa tairi hiyo huwa kama gari yenye difu ya 4.18, karibu sawa na ile ya 4.1. Siku tutakayozivua na kufunga za kawaida, hatua fupi zitarudi.

Ubaya mwingine ni kuwa saa ya kilomita haijui kama tairi zimebadilishwa. Gari yenye tairi kubwa ikienda kilomita 109, saa huandika 100. Chukueni mfano wa wauzaji wawili. Wa Kasulu anasema gari yake, yenye tairi za kiwandani, huenda kilomita 10 kwa lita. Wa Kibondo anasema yake, yenye tairi kubwa, huenda kilomita 9. Wote wawili wamesema kweli kwa mujibu wa saa zao, nasi tungekimbilia ya Kasulu. Lakini tukisahihisha, ile ya Kibondo huenda kilomita 9.8, na pengine ilipanda milima mirefu zaidi. Kwa maneno ya wauzaji tungeiacha gari nzuri kwa sababu isiyokuwepo. Na tairi ndogo au zilizoisha hufanya kinyume chake, saa ikaandika zaidi ya mwendo wa kweli, na gari mbovu ikaonekana haina ulafi.

SISI HUKU PEMBA

Kisiwa chetu kina vilima vingi vyenye mteremko mkali, lakini ni vifupi, na hakuna kinachofika mita 150. Hewa yetu ni ya pwani, nzito, na injini hupata pumzi yake kamili. Kutoka Chake Chake hadi Mkoani ni kama kilomita 30, na hadi Wete ni karibu kiasi hicho hicho. Njia za mashambani ni nyembamba, na gari husimama kila penye magunia. Mwendo mwingi wa gari yetu utakuwa katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, na safari ndefu ya gia ya nne na ya tano itakuwa ile ya kwenda mjini au bandarini.

Kwa hali hiyo, difu ya katikati, ya 4.1, ndiyo inayotufaa zaidi. Difu ya mwendo itatutaabisha na magunia katika njia za mabonde. Difu ya nguvu itatugharimu kidogo barabarani, lakini kidogo kiasi gani? Tuseme gari hula lita moja kwa kilomita 10 na kwa mwaka huenda kilomita 12,000. Hizo ni lita 1,200. Difu ikituzidishia asilimia 3, ni lita 36 kwa mwaka mzima. Mtu na azipige kwa bei ya dizeli ya siku hiyo, kisha alinganishe na bei ya gari, na hali ya bodi, injini na giaboksi. Gari nzima yenye difu ya 4.56 ni bora kuliko gari iliyochoka yenye difu ya 4.1.

Na asitokee wa kutushauri kununua kisha kubadilisha difu. Gari ya kuvuta mbele na nyuma ina difu mbili, na lazima zote mbili ziwe na nambari moja. Zikitofautiana, siku dereva atakapotia gia ya mbele penye ardhi ngumu, ekseli zitagombana na vyuma vitavunjika. Gharama ya difu mbili na kazi ya fundi haitarudishwa na lita 36 kwa mwaka, isipokuwa baada ya miaka mingi.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Wajumbe watakaotumwa kutazama gari wafanye mambo manne.

Kwanza, waihesabu difu. Gari isimame pahala palipo sawa, tairi za mbele zizuiliwe kwa mawe au magogo, gia iwe huru, breki ya mkono iachiwe. Inuweni tairi moja tu ya nyuma kwa jeki, na ekseli iwekewe kizuizi imara, kwani jeki peke yake si ya kuaminiwa. Tieni alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusheni tairi hiyo kwa mkono mara 20. Kwa kuwa ni tairi moja tu inayozunguka na mwenzake imesimama, krauni itazunguka mara 10. Propela ikizunguka mara 41, difu ni ya 4.1, ikizunguka mara 45 na nusu, ni ya 4.56; ikizunguka mara 39, ni ya 3.9. Gari nyingi za Toyota zina pia kibati chenye neno AXLE na herufi na tarakimu mbele yake. Kibati kinakilini na kumpa fundi, lakini kuhesabu ndiko kwenye yakini, kwa maana difu huenda ilikwisha badilishwa.

Pili, wapime tairi. Tieni alama ya chaki chini ya tairi na kwenye ardhi, sukumeni gari mpaka tairi izunguke mara moja, kisha pimeni kwa futi. Linganisheni na tairi za kiwandani.

Tatu, wapime mafuta wenyewe. Tangi lijazwe mpaka shingoni, gari iende na kurudi kwa njia ile ile ikiwa na mzigo, kisha ijazwe tena kwenye pampu ile ile. Kwenda na kurudi ni sharti, kwa sababu mlima wa kwendea ndio mteremko wa kurudia. Safari isipungue kilomita 100, na kilomita zisahihishwe kwa kipimo cha tairi.

Nne, gari inayotoka nyanda za juu itazamwe pampu yake ya dizeli na nozeli. Ikitoa moshi mweusi huku pwani, penye hewa ya kutosha, hapo pana ubovu, na ubovu huo hula mafuta kuliko difu yoyote.

Gari ikisha kufika, hesabu isikome. Tairi zipimwe upepo kila wiki, dereva asiivute injini mpaka inguruma, wala asiilemee katika gia kubwa, na daftari la mafuta lisomwe mbele ya kamati kila mwezi, kilomita upande mmoja na lita upande wa pili. Atakayetaka kuliona daftari hilo kabla ya kikao atalikuta ofisini, nami nitamsomea na kumfahamisha.

Katibu wa Chama